Farasi Hasemi

Alhamisi, 1 Novemba 2018

Mvua. Kwa hesabu ya wazee wa Cwmhelyg, bonde letu hapa Wales, leo ndiyo siku ya kwanza ya majira ya baridi, na nimeamua kuandika hadi majira yaishe. Kule Bungeni Cardiff kila ninachosema kinanukuliwa na kuchapishwa kwa lugha mbili, na hakuna anayekisoma. Afadhali niandike mwenyewe, nisome mwenyewe.

Nina kinyongo, sitaficha. Kabla ya ile kura ya kujitoa Ulaya nilisimama sokoni juu ya kreti la mikate nikawaambia watu: barabara ya hospitali, chuo cha ufundi, nyumba ya vijana, vyote hivi vina mkono wa Ulaya. Wakanipigia makofi, wakanunua mikate yangu, wakaenda kupiga kura ya kutoka. Katika kila mia, hamsini na wanane. Leo haohao wananisimamisha njiani: "Mbunge, sasa itakuwaje?" Kwani mimi mpiga ramli?

Halafu kuna wenzangu wa chama, ambao mpaka leo wananiona mwoka mikate aliyepotea njia. Niliacha shule na miaka kumi na sita. Nilianza na tanuri moja la mtumba, leo watu thelathini na wanne wanakula kwa jasho lao kiwandani kwangu. Lakini mtu akiwa na shahada mbili anaweza kunena robo saa bila kutaja tarakimu hata moja, na wote wakatikisa vichwa.

Lleucu amekula nusu sahani. Mjukuu wangu huyo ana miaka kumi na saba. Mama yake, binti yangu Rhian, ni muuguzi wa zamu za usiku, kwa hiyo siku za shule mtoto hukaa kwangu. Zamani alikuwa akiongea mpaka namwomba anihurumie. Tangu Septemba ni "ndiyo, Bibi", "hapana, Bibi", "asante, Bibi". Wasichana wa umri huo ndivyo walivyo. Nadhani.

Jumatatu, 5 Novemba

Nimekwenda Aelwyd, nyumba ya vijana, ndani ya jumba la zamani la wachimba makaa. Juu ya mlango bado kuna lile bango la Ulaya, la buluu lenye duara la nyota. Chini yake alisimama Mzee Idwal, amejikunja kama jani la kabichi, anafungua kufuli. Alikuwa mpiga kengele wa lifti ya mgodini, na kwa kuwa bondeni kwetu mtu huitwa kwa kazi yake hadi kaburini, yeye ni Idwal Kengele hata baada ya mgodi kufa. Kama mimi nitakavyokuwa Meinir Mikate hata wakinifanya malkia.

"Karibu, Meinir Mikate. Umekuja kutufunga?"

"Mmejifunga wenyewe, Mzee. Si ulipiga kura ya kutoka wewe? Nyota hizo juu ya kichwa chako hukuziona?"

"Nilipiga kura, sikung'oa bango. Bango linazuia mvua."

"Ulitegemea nani alipe?"

"Nilitegemea ninyi mnaokula mishahara. Au kazi yenu nini?"

Nikaingia. Ndani, Hefin, mshauri wa vijana, alikuwa anacheza biliadi na wavulana wawili. Mshahara wake wote unatoka kwenye mradi wa Ulaya, na mradi unaisha Machi. Hakuna anayethubutu kutia sahihi mwingine, kwa maana hakuna ajuaye Aprili tutakuwa nchi ya namna gani. Nikamuuliza ana vijana wangapi.

"Thelathini na mmoja."

"Kwa mwaka mzima?"

"Ndio haohao, Mbunge, kila wiki. Wengine kila siku."

"Na unafanya nao nini, mbali na biliadi?"

"Biliadi ni ili mikono iwe na kazi. Mtu akiinama kulenga mpira hakuangalii usoni, basi anasema." Akaweka fimbo chini. "Baadhi yao unawajua."

"Bonde dogo hili. Namjua kila mtu."

Alinitazama kama anayetaka kuongeza neno, kisha akaliacha. Nikaondoka nikiwaza: thelathini na mmoja, jengo zima, paa linalovuja, mtu mmoja na mishahara ya miaka saba. Ningeendesha mikate hivyo ningefilisika kabla ya Krismasi.

Alhamisi, 8 Novemba

Kamatini wametuletea pendekezo la huduma ya simu kwa vijana wa mabonde yote, itakayochukua nafasi ya nyumba kama Aelwyd. Wameiita Sikio. Kijana anapiga wakati wowote, mchana au usiku, anapata mtu wa kumsikiliza. Wameijaribu miezi sita katika bonde letu tu: mia tisa na kumi na mbili. Nimeiandika tarakimu hiyo pembeni mwa karatasi nikaizungushia duara. Mia tisa na kumi na mbili dhidi ya thelathini na mmoja. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza hesabu hiyo.

Kwa mara ya kwanza tangu niingie Bungeni, mtu ameniletea tarakimu.

Jumatatu, 19 Novemba

Mvua. Lleucu amesema anakwenda maktaba. Amerudi saa mbili, viatu vimelowa.

Jumapili, 25 Novemba

Wakubwa wamekubaliana Brussels kuhusu mkataba wa kujitoa. Wiesław, mkuu wa matanuri wangu, Mpolandi, amekaa bondeni miaka kumi na mitatu. Asubuhi nilimkuta ameegemea magunia ya unga anasoma mkataba kwenye simu, kurasa zaidi ya mia tano. "Bosi," akaniuliza, "mimi niko ukurasa gani?"

Nikamwambia nitamtafutia. Nimetafuta. Yupo, katika kurasa nyingi, lakini hakuna hata mmoja unaosema kama anunue nyumba au asinunue.

Alhamisi, 6 Desemba

Nimesimama kamatini nikaiunga mkono Sikio. Nimesema kwa dakika nne na tarakimu saba. Mwenyekiti, mama wa shahada zile mbili, akasema "Mheshimiwa ametusaidia kuona picha nzima." Sitasema sikufurahi. Uamuzi utapigiwa kura mwezi Januari.

Jioni nimekutana na Hefin nje ya duka la dawa.

"Nimekusikia," akasema.

"Basi nijibu. Nionyeshe nilipokosea hesabu."

"Sina hesabu, Mbunge. Ningekuwa nayo ningekujibu." Akainua ukosi wa koti, akaondoka mvuani.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini ushindi huu una ladha ya hamira iliyolala.

Jumatatu, 10 Desemba

London wameahirisha kura yao ya mkataba. Keshokutwa watasema nini hata wao hawajui. Mvua.

Ijumaa, 14 Desemba

Mwalimu mkuu amenipigia nikiwa garini. Lleucu ametoka darasani katikati ya somo la kemia, akakaa chooni hadi kengele ya mwisho. Si mara ya kwanza.

Nilimpeleka kwa daktari wa mtaa palepale. Daktari ni mwema, amechoka, anakula ndizi huku anaandika. Akasema mtoto anahitaji mtaalamu, na foleni ya mtaalamu itamfikia baada ya Pasaka. Nikamwambia mimi ndimi niliyeipigia kura sheria inayosema asingoje zaidi ya mwezi. Akasema, "Naijua sheria hiyo, Mheshimiwa. Ipo ukutani pale, nyuma ya kalenda."

Ningeweza kumpigia simu mtu. Watu wanaweza kuniruhusu nipenye foleni, najua nani na nani. Nikawaza mtoto wa mtu mwingine atakayesukumwa nyuma. Sikupiga. Nimerudi nyumbani na hasira ya kumtosha ng'ombe.

Kwenye meza ya jikoni, tukinywa supu ya kondoo na vitunguu vya liki, nikamwambia: "Piga Sikio, mama. Ndiyo kazi yao. Saa yoyote."

"Ndiyo, Bibi."

"Umewahi kupiga?"

"Nimepiga, Bibi."

"Ehe! Wamesema nini?"

Akakoroga supu muda mrefu. "Wameuliza jina."

"Na wewe?"

"Nikawaambia."

Nilijiambia ni mwanzo mzuri. Niliridhika mpaka nikajipakulia bakuli la pili.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Rhian alikuwa zamu. Tumekula wawili, Lleucu na mimi, bata mzinga wa watu wanane.

Ijumaa, 28 Desemba

Wiesław ameaga. Anarudi Poland mwezi Machi, kabla ya hiyo siku yao ya kujitoa. Nikamwuliza kama ni mshahara. Akasema si mshahara. Ni kwamba mwanawe wa miaka tisa, aliyezaliwa hapa na anayeota ndoto kwa Kiwelsh, amemuuliza wataondoka lini. "Si *kama*, bosi. *Lini.* Nani kamwambia? Hakuna. Wanasikia hewani."

Watoto wanasikia hewani. Nimeliandika kwa sababu halitoki kichwani.

Jumamosi, 5 Januari 2019

Mzee Idwal alipita kiwandani kuomba mikate ya chai yenye zabibu kwa ajili ya farasi wake. Kila Januari yeye na vijana wa Aelwyd wanamvika Mari: fuvu la farasi juu ya mti, macho ya chupa, riboni masikioni, shuka jeupe hadi chini, na mtu ndani ya shuka anayelifungua taya na kulifunga, ka! ka! Wanapita nyumba hadi nyumba. Kiongozi aliyeshika hatamu anaimba ubeti wa kejeli, wewe uliye ndani unamjibu kwa ubeti mkali zaidi bila kufungua mlango. Anayeishiwa ndiye kashindwa. Wakishindwa wao, wanakwenda zao na njaa. Ukishindwa wewe, unafungua, na farasi anaingia kula na kunywa na kukuvurugia nyumba.

Tangu nipate nyumba yangu mwenyewe sijafungua hata mara moja. Ni sifa yangu kubwa bondeni, kuliko ubunge.

"Mwaka huu tutakula kwako," akasema Idwal.

"Mwaka huu mtalala na njaa kama mwaka jana. Sauti yako imebaki nusu, Mzee."

"Nusu yangu inakutosha." Akafunga mikate vizuri kwenye gazeti. "Na ni mwaka wa mwisho, kwa hiyo utuonee huruma kidogo. Aelwyd ikifungwa, Mari sina pa kumlaza. Nyumbani kwangu mke wangu hamtaki, anasema fuvu linamwangalia anapokunywa chai."

Nikacheka. Kisha nikamuuliza, kwa nini yeye, aliyepiga kura ya kutoka, hufungua mlango ule kila jioni bila malipo.

"Kura ile nilipiga kwa hasira," akasema. "Mlango nafungua kwa sababu wako nje, na mvua inanyesha."

Nimemfahamu mtu huyu maisha yangu yote na sikuwahi kumuuliza swali hilo.

Jumamosi, 12 Januari

Niandike kama ilivyokuwa.

Walifika saa moja jioni. Nilikuwa tayari nyuma ya mlango, glasi mkononi, beti tano mfukoni mwa kichwa. Lleucu alikuwa ameniaga mapema, anakwenda maktaba. Na mimi, kwa wingi wa beti zangu, sikukumbuka kwamba maktaba Jumamosi hufungwa adhuhuri. Nikasikia miguu kwenye changarawe, kicheko, taya, ka! ka! kwenye ubao. Idwal akaanza:

*Tumekuja kwa miguu, baridi imetukata,*
*Toka mtaa wa juu, mlango tumeupata,*
*Mbunge wa hadhi kuu, mikate tumefuata,*
*Farasi ana makuu, fungua, asije ng'ata!*

Majirani walishajaa kwenye ukuta. Nikasafisha koo:

*Rudini mlikotoka, na mfupa wenu huo,*
*Sauti imekauka, kama kufuli la chuo,*
*Tena mimi nimechoka, siuoni ufunguo,*
*Farasi atetemeka, mvikeni kwanza nguo!*

Wakashangilia hata wa upande wao. Tukaenda hivyo, ubeti kwa ubeti, mara kiuno changu, mara meno yake ya bandia, mara unga wangu, mara kura yake. Kwenye ubeti wa tano Idwal akakohoa. Kikohozi cha mgodi hakina adabu, kikianza hakiishi. Nikangoja. Mmoja wa vijana akajaribu kumpokea, akakwama kwenye mstari wa pili, watu wakazomea.

"Basi!" nikapaza sauti kupitia tundu la barua. "Nendeni mkalale! Mmeshindwa!"

Ndipo nikasikia sauti kutoka ndani ya shuka.

Farasi hasemi. Hiyo ni sheria ya kwanza, kila mtoto wa bonde anaijua. Farasi anapiga taya, anarusha mateke, anabusu wasichana, lakini hasemi. Watu walinyamaza kana kwamba kuna aliyetukana kanisani. Sauti ilikuwa nyembamba, haikuimba sana, ilikuwa kama inasoma:

*Nilipiga, tena, tena, simu wakaitikia,*
*Wakaniuliza jina, upya nikasimulia,*
*Tisa, Bibi, umeona, kumbe ni mimi nalia,*
*Yule ajuaye jina, mlango mwamfungia.*

Nilikuwa na ubeti mmoja umebaki, wa utani kuhusu nyasi. Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu. Upande wa pili wa mlango hakuna aliyecheka, hakuna aliyehesabu muda. Nikasikia Idwal, pumzi zikimrudia, akisema polepole, "Meinir. Ni zamu yako."

Nikafungua.

Fuvu lilisimama mbele yangu na macho yake ya chupa, riboni zinachuruzika maji, na chini ya shuka niliona viatu vinavyolowa kila Jumatatu. Nikasema, "Karibuni ndani," kama sheria inavyotaka. Farasi akaingia wa kwanza. Hakuvuruga kitu. Alikwenda moja kwa moja hadi jikoni akasimama karibu na jiko, na mimi nikasimama naye, na vijana kumi na wawili wakala mikate yangu yote huku wakijifanya hawatuoni.

Jumapili, 13 Januari

Sikwenda kanisani. Tulikaa jikoni. Nilitaka kuuliza mambo arobaini. Nikatoa bakuli, nikampa unga na siagi, tukaanza kukanda keki za bamba, zile za zabibu zinazookwa juu ya chuma cha moto. Nilikumbuka alichosema Hefin kuhusu mikono.

"Umekuwa ukienda Aelwyd," nikasema nikiangalia unga.

"Tangu Septemba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniweka kwenye hesabu."

Nikaendelea kukanda. "Na Sikio. Ulipiga mara tisa kweli, au ni kwa ajili ya ubeti?"

"Kumi na nne. Kumi na nne haikuingia kwenye mstari." Nikaona kona ya mdomo wake inacheza, kwa mara ya kwanza tangu sijui lini. "Kila nikipiga ni mtu mwingine, Bibi. Wako vizuri tu. Wana upole. Lakini naanza upya: naitwa Lleucu, nina miaka kumi na saba, silali. Nikifika mahali penyewe, muda umeisha. Siku nyingine nakata kabla, kwa kuwa nimechoka kujieleza."

"Na Hefin?"

"Hefin haulizi. Nikiingia anasema, 'Haya, jana tuliishia wapi?'"

Zabibu zikaniponyoka sakafuni. Kumi na nne. Nilishakaa na karatasi ile tangu Novemba, na neno lililoandikwa juu ya tarakimu niliyoizungushia duara, nimelitazama tena sasa hivi, ni "mawasiliano". Si vijana. Hawakunidanganya. Waliandika kweli tupu, na mimi, Meinir Mikate, ninayejua tofauti ya mikate iliyouzwa na wateja walioingia dukani, nilihesabu simu nikaziita watoto. Mwanamke mmoja akinunua mikate kumi na minne, sijapata wateja kumi na wanne. Mwenye duka wa siku mbili anajua hilo.

Jumanne, 15 Januari

Nilimwandikia afisa wa huduma jana, maswali mawili. Majibu yamekuja adhuhuri, kwa heshima zote. Mia tisa na kumi na mbili ni simu. Waliopiga ni vijana mia moja na wanne. Kati yao, waliowahi kuzungumza na mtu yuleyule zaidi ya mara moja: kumi na mmoja.

Jioni London wameukataa mkataba, mia nne thelathini na wawili kwa mia mbili na wawili. Simu ya Bunge imelia hadi betri imekufa, kila mwandishi anataka nitoe maoni. Sikuwa na maoni. Nilikuwa na tarakimu tatu mezani na siku moja ya kujipanga kabla ya kura ya kamati.

Lleucu aliingia akazisoma begani kwangu.

"Kwa hiyo mimi ni mmoja wa mia na wanne," akasema.

"Na mmoja wa thelathini na mmoja."

"Hiyo ndogo naipenda zaidi."

Alhamisi, 17 Januari

Baridi kali, barabara zina barafu, nimefika kamatini nimechelewa, nywele kama ufagio.

Nilisimama nikasema kwamba tarakimu niliyowapa Desemba nilikuwa nimeisoma vibaya, na nikawasomea ilivyo. Mwenyekiti akashusha miwani. "Mheshimiwa, wewe ndiye uliyetushawishi."

"Ndiyo. Kwa hiyo nawashawishi upya, na safari hii kwa gharama ya uso wangu."

Nikaomba Sikio ibaki, maana usiku wa manane hakuna nyumba ya vijana iliyo wazi, lakini nyumba zisifungwe; zipewe miezi sita, na katika miezi hiyo tuhesabu watu, si simu, na tuhesabu nani anajulikana kwa jina na nani. Mwenzangu wa chama akanong'ona kwamba nachafua jambo lililokwisha safishwa. Sikumtaja Lleucu. Ulimi uliniwasha, nikauzuia.

Tano kwa tatu. Yule wa tano alinishangaza: mfuga kondoo wa kaskazini, wa chama cha upinzani, mpenda kujitoa kuliko wote, ambaye sijampa salamu tangu niapishwe. Nilimfuata kwenye korido kumshukuru. Akawa anavaa kofia, hanitazami.

"Kijana wangu alipiga simu zile," akasema. "Mara moja tu. Hakurudia." Akaivuta kofia hadi kwenye nyusi. "Yuko salama, asante. Yuko kwa shangazi yake." Akaondoka.

Sijui jina la kijana yule. Ningepaswa kuuliza.

Alhamisi, 31 Januari

Theluji. Waziri amekubali: miezi sita, hadi mwisho wa Septemba. Nimempigia Hefin, akauliza, "Na Oktoba?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Watu wa London nao wameanza kunong'ona kuhusu kuomba muda. Nchi nzima itaishi kwa kuongezewa muda, basi na sisi tumo.

"Miezi sita naijua kuitumia," akasema.

Jumamosi, 2 Februari

Leo wazee wa zamani walikuwa wakirudisha mishumaa kabatini, majira ya baridi yameisha kwa hesabu yao. Theluji bado iko hadi kwenye vifundo, lakini hesabu ni hesabu.

Tulikwenda Aelwyd kumlaza Mari. Mzee Idwal alikuwa ameshatandaza majani makavu kwenye sanduku, anazikunja riboni moja moja. Bango la nyota lilikuwa bado juu ya mlango. Halmashauri imeagiza ling'olewe Machi, na yeye ameniambia ngazi imepotea. Ngazi niliiona nyuma ya biliadi. Nimenyamaza.

Akamwita Lleucu. Akamkazia macho ya kutisha watoto.

"Wewe. Farasi anasema?"

"Hasemi, Mzee."

"Nimemtembeza huyu tangu sijaota ndevu. Mvua, theluji, mgomo. Hajawahi kusema. Umenivunjia sheria mbele ya bonde zima."

"Najua, Mzee."

"Basi mwakani hutambeba."

Uso wa mtoto ulianguka. Nilishafungua mdomo nimkatie Idwal kipande cha maneno, akaniinulia mkono bila hata kugeuka.

"Mwakani utashika hatamu. Anayeshika hatamu ndiye anayesema. Mimi kifua hiki hakinifikishi mlango wa tano tena."

"Bila shuka?" akauliza Lleucu.

"Shuka la nini? Watu watataka kukuona meno." Akafunga sanduku. "Na uanze kutunga mapema. Bibi yako ni mbaya sana akishindwa, atarudi na beti thelathini."

"Arobaini," nikasema.

Wakacheka wote wawili, Hefin naye akacheka kutoka mezani, akampa Lleucu fimbo ya biliadi, akamuuliza jana waliishia wapi. Nikatoka nikamsubiri Lleucu nje chini ya nyota za bango. Ni kweli, zinazuia mvua, hata theluji.

Sitasema amepona. Wiki hii alikosa shule siku mbili, na usiku wa jana nilisikia miguu yake kwenye ngazi. Foleni ya mtaalamu bado iko baada ya Pasaka. Wiesław anafungasha. Haya yote yapo na sijayatatua hata moja.

Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani akaanza kuongea. Hakuongea jambo lolote la maana. Alianza na viatu vya mwalimu wa kemia, akaenda kwa paka wa Idwal, akaingia kwenye vina vya ubeti wake wa kwanza wa mwakani, ambao unahusu nywele zangu, akarudi kwenye viatu. Kilima kizima. Mimi napumua kwa shida, yeye hata hapumziki. Tulipofika kwenye kona ya kiwanda nikashika ukuta nikasema kama nilivyokuwa nikisema zamani, "Lleucu, mama, nihurumie."

Akanyamaza mara moja.

Theluji ilikuwa inaanguka kati yetu. Nikaona alivyokuwa anarudi ndani, taratibu, kama mtu anayejifunika shuka.

"Hapana," nikasema. "Yule paka. Ikawaje?"